Mkoba Uliobaki Juu ya Jiwe

Jumamosi, 8 Juni

Nguo nilizoanika Jumatano bado mbichi. Nimezitoa roshani, nimezinusa, nimezirudisha kwenye ndoo. Mvua za plamu, ndivyo wanavyoita hapa mvua za Juni plamu zinapoiva, zimewahi mwaka huu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Yichang, na kila mwaka nasema mimi niliyezaliwa Tukuyu sitishwi na mvua. Lakini mvua ya kwetu hunyesha ikamaliza. Hii huingia ndani ikakaa, ikala viatu, ikala vitabu.

Asubuhi nilishuka kwa Dada Fan kununua kifungua kinywa. Anauza vibunda vya unga vyenye figili vya kukaanga, sisi tungeviita sambusa ingawa havina pembe, kupitia dirisha la chumba chake cha chini, mkabala na ngazi zetu. Nusu ya wanafunzi wangu wa uuguzi wanaishi kwa karai lile.

"Mwalimu Se, mbona uso umevimba? Umelia au umekula chumvi?"

"Nimesahihisha mitihani."

"Basi umelia." Akaniongezea sambusa moja bila kuniuliza. "Kesho mwangalie huyo mzee wangu. Miguu yake ina miaka ishirini, moyo una sitini na minne."

Mzee wake ni mumewe, Geng Dehai, fundi wa injini za meli aliyestaafu. Kila Jumapili anatuongoza watu saba, wanane, kwenye matembezi ya milimani. Kwenye chuo wananiita Mwalimu Se kwa sababu Sekela ni refu kwa ndimi zao. Geng ananiita Se Mdogo, kama mtoto wa nyumbani.

Jumapili, 9 Juni

Bonde la Qingshi, kilomita kumi na nne. Tulivuka kijito kwenye mawe, tukapanda hadi bwawa la juu, tukala pale. Danilo, Mmontenegro anayefundisha mpira wa kikapu, alijirusha majini na nguo zake zote. Mwalimu Pei, mstaafu wa hisabati, akahesabu sekunde alizokaa chini.

Njiani tulipita kwa Mama Xiang, mjane anayefuga nyuki. Mizinga yake ni ya magogo, kumi na minne, imening'inizwa ukutani chini ya paa. Geng alimletea dawa ya goti kutoka mjini na akabeba chupa zake za asali kwenda kumuuzia. Huwa anafanya hivyo. Mama Xiang hasemi sana. Alinipa kipande cha sega nitafune.

Jumatatu, 10 Juni

Sikukuu ya mashua za joka. Nimekula kwa Dada Fan wali wa kunata uliofungwa kwa majani, na mayai ya bata ya chumvi. Nilijaribu kufunga majani mwenyewe. Wali ukamwagika wote kwenye sufuria.

"Miaka kumi na moja," Fan akasema, "na mikono bado ya mgeni."

"Mwache," Geng akasema. "Anakula kama mwenyeji, inatosha."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Sina nyumba nyingine katika mji huu ninayoingia bila kubisha.

Jumatano, 12 Juni

Mvua. Koga kwenye mkanda.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua tena. Danilo ameuliza kama Jumapili tunakwenda. Geng amejibu, "Kutakuwa na jua." Huwa hakosei.

Jumapili, 16 Juni

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 17 Juni

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, hapa angalau.

Jua lilikuwepo. Tulikwenda Qingshi tena kwa sababu Pei alitaka asali. Tulikula kwenye bwawa la juu, tukaanza kushuka kama saa nane mchana. Karibu na mawe ya kuvukia Geng alisimama akatazama maji. Asubuhi yalikuwa yanaonyesha mchanga wa chini. Sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Huko juu milimani inanyesha," akasema. "Vukeni upesi."

Tulivuka. Wenzetu wakapanda kwenda barabarani kungoja basi. Mimi na Geng tulikuwa wa mwisho, na hapo ndipo nilipojigusa kiunoni. Mkoba wangu mdogo wa buluu haupo. Nilikuwa nimeuvua wakati wa kula, nikauweka juu ya jiwe kando ya bwawa.

Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Mungu wangu, pasipoti yangu!"

Geng akanitazama. Wiki ijayo natakiwa kupeleka pasipoti kuongeza kibali cha ukaazi. Yeye alijua, nilikuwa nimelalamika njia nzima.

"Iko wapi?"

"Juu. Kwenye jiwe. Tuache, Mzee Geng, nitaripoti imepotea."

Nilisema hivyo. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kukatazwa.

"Pasipoti si nyanya, Se Mdogo, ukose hii ununue ile." Alikuwa ameshageuka. "Nenda kwa wenzako. Dakika arobaini nimefika."

Akavuka mawe yale kama mbuzi. Hakutazama nyuma.

Barabarani waliniuliza yuko wapi. Nikasema, "Amerudi kidogo, anakuja." Wakadhani amekwenda haja. Niliona aibu kusema kwamba nimemtuma mzee kunichukulia mkoba. Ilikuwa aibu ndogo tu, ya dakika ile.

Baada ya nusu saa tukasikia mlio. Nilidhani ni lori. Danilo alikimbia kushuka, nasi nyuma yake. Mawe ya kuvukia hayakuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia, yana matawi, yana mlango wa nyumba. Tuliita hadi sauti zikakauka. Polisi na wazima moto walikuja kabla giza halijaingia, wakatufukuza ukingoni.

Afisa mmoja kijana, Qin, alituhoji mmoja mmoja ndani ya gari.

"Wewe ndiye wa mwisho kumwona?"

"Ndiyo."

"Kwa nini alirudi?"

Mvua ilikuwa inapiga paa la gari. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Hakuniambia."

Akaandika. Nikaweka dole gumba kwenye wino mwekundu, nikabandika.

Jumanne, 18 Juni

Qin amepiga simu: nipeleke nakala ya pasipoti ikae kwenye jalada. Nikamwambia naitafuta. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikipanga uongo wa pili, namna ilivyopotea.

Halafu nikafungua droo ya chini kutafuta nakala ya zamani.

Pasipoti ilikuwa humo. Ndani ya bahasha ya chuo, pamoja na picha nilizopiga Alhamisi. Niliitoa mkobani mwenyewe, nikasahau.

Alhamisi, 20 Juni

Wanatafuta bado. Mvua haijakatika tangu juzi. Fan amefunga dirisha na anakaa kando ya mto na mwavuli na thermosi ya chai ya Geng, ili akipatikana anywe kitu cha moto. Nimekaa naye mchana kutwa. Haniulizi jambo lingine ila moja.

"Alijua maji yale. Miaka thelathini kwenye meli. Kwa nini alirudi?"

"Sijui, dada."

"Alisema nini?"

"Hakusema."

Saa moja baadaye anauliza upya, kwa maneno yale yale, nami najibu kwa maneno yale yale.

Jumamosi, 22 Juni

Mwalimu Pei alikuja na karatasi za kuwachomea wafu, akasema leo ni siku ya saba, roho inarudi nyumbani, tuweke bakuli na vijiti vyake mezani. Fan alimtupia sufuria. "Siku ya saba ya nani? Nani amekufa?" Pei aliondoka na mchuzi begani.

Jumatatu, 24 Juni

Amepatikana. Mahali kijito kinapoingia Mto Changjiang, kwenye nyavu za mtu. Binti yao Yali, aliyefika jana kutoka Ningbo, ndiye aliyekwenda kumtambua. Alimtambua kwa viatu.

Fan hakulia. Aliuliza kama alikuwa na kitu chochote mwilini. Wakamwambia hapana.

Alhamisi, 27 Juni

Tumemchoma na tumezika majivu. Nilibeba shada la maua ya karatasi pamoja na Danilo. Kwenye basi la kurudi alikaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, kwa kile Kichina chetu cha wageni:

"Mkoba wako wa buluu uko wapi?"

Nikajigusa kiunoni.

"Nilijua," akasema. "Sikiliza, Sekela. Umeshasema hujui. Ukibadilisha sasa wataona ulidanganya polisi. Sisi ni watu wa kibali. Mzee hatafufuka. Nyamaza tu, ipite."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono na kumshukuru.

Jumapili, 30 Juni

Hakuna matembezi. Tumekutana wachache kwenye duka la tambi mtaani, na humo ndimo nilimosikia. Pei alikuwa anapuliza tambi zake.

"Mimi sisemi kitu," akasema, "lakini hesabu ni hesabu. Mtu anavuka maji salama, halafu anayavuka tena kurudi alikotoka. Huko alikotoka kuna nyumba ngapi? Moja. Ndani ya nyumba kuna nani? Mjane. Nani alikuwa anampelekea dawa kila wiki?"

"Dawa ya goti," nikasema.

"Goti!" Mke wa mwenye duka akacheka. "Siku hizi ndilo wanaloita goti?"

Wote wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba ni marehemu, wakainamia mabakuli. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na lingewanyamazisha wote. Nilikula tambi zangu. Nilizimaliza.

Jumanne, 2 Julai

Hadithi ya Pei imemfikia Fan. Nilijua itamfikia, mtaa wetu ni mfupi.

Alinifuata chumbani kwangu, yeye ambaye hapandi ngazi kwa sababu ya nyonga. Alikaa kwenye kitanda changu. Nywele zake zinanuka mafuta ya zamani ya karai, ingawa hajakaanga kitu kwa wiki mbili.

"Mdogo wangu, wewe umepanda naye mlima miaka sita. Nitakuuliza mara moja. Huyo mwanamke wa nyuki, walikuwa na jambo?"

"Hapana. Hapana kabisa, dada."

"Unajuaje?"

"Nilikuwepo. Alikuwa anabeba asali yake tu."

"Basi kwa nini alirudi?"

Nilitazama droo ya chini. Fan naye akaitazama, kwa kuwa mimi nimeitazama, halafu akanirudishia macho.

"Sijui," nikasema.

"Unaona?" akasema kwa upole. "Hata wewe, unanipenda, lakini huwezi kunidanganya vizuri. Unamfichia."

Akashuka ngazi moja moja. Nilisikia kila ngazi.

Yali ameniambia baadaye kwamba mama yake ametoa picha ya baba ukutani. Siku ya saba ya pili, yaani ya kumi na nne, walichoma karatasi kidogo. Ya tatu ni Jumamosi hii, naye amesema hatachoma hata moja. "Akachomewe na huyo wa kwake."

Ijumaa, 5 Julai

Madarasa yamesimamishwa, maji yamejaa barabara ya stesheni. Mama yangu amepiga kutoka Tukuyu kuuliza kama nakula. Nimesema nakula.

Jumapili, 7 Julai

Saa mbili asubuhi Fan alibisha. Alikuwa amevaa mabuti ya Geng na koti lake la mvua, na mkononi alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye kitu kizito.

"Nipeleke kwa huyo mwanamke. Njia unaijua wewe."

"Dada, inanyesha. Mawe hayajarudi."

"Kuna daraja la upande wa pili. Nimeuliza. Nipeleke, au niende peke yangu nikaanguke."

Nilidhani anataka kumtazama usoni na kuzungumza naye. Labda nilijua sivyo, na nikajiambia kwamba kule juu, mbele ya wanawake wawili, nitapata nguvu ya kusema. Basi likatushusha kwenye daraja, tukatembea saa moja na nusu kwenye tope. Kila mahali njia ilipopanda nilimshika kiwiko. Kila mahali nilisema moyoni, kwenye kona ile nitamwambia. Kona zilipita.

Mama Xiang alikuwa barazani anachambua maharage. Alimtazama Fan, akaona mabuti, akaona koti, akasimama.

"Wewe ni mke wa Mzee Geng. Pole, dada. Karibu ukae."

Fan hakukaa. Alitoa nyundo ndani ya mfuko, nyundo ya Geng ya fundi, yenye mpini aliouzungushia utepe mweusi. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta na kupiga mzinga wa kwanza. Gogo likapasuka. Sega likaanguka kwenye tope pamoja na nyuki, na kwa mvua ile hawakuruka vizuri, walikuwa wanabingirika chini kama maharage yaliyomwagika.

"Huu ni wa dawa!" Akapiga wa pili. "Huu ni wa kila Jumapili! Mimi nimesimama mbele ya karai, mikono imeungua, yeye anakuja kula asali!"

Mama Xiang alimshika mkono, Fan akamsukuma akaanguka juu ya ungo. Mimi nilikuwa nimesimama. Lazima niandike hivi: nilikuwa nimesimama. Nyuki aliniuma kope na sikuinua mkono. Ulivunjika wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita.

Mama Xiang aliinuka polepole. Hakumfuata tena Fan. Aligeuka akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile.

"Mwalimu," akasema. "Wewe hujamwambia?"

Nyundo ilisimama.

"Aniambie nini?" Fan akauliza.

"Siku ile alipita hapa mbio," Mama Xiang akasema. "Nikamuuliza unarudia nini. Kisha akashuka ana mkoba mdogo wa buluu kiunoni. Nikamwambia kaa, Mzee Geng, maji yameshapanda, nasikia mlio. Nikamshika hata shati. Akanijibu, Se Mdogo anangoja pasipoti yake."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?" Hilo ndilo lililonitoka mimi. Aibu ilioje, lilikuwa ndilo neno langu la kwanza.

"Waliniuliza kama alilala hapa. Nikasema hapana. Hawakuuliza jingine." Alifuta tope usoni. "Nilijua wewe utasema. Ulikuwa naye."

Fan aliniangalia. Uso wake ulikuwa umeumwa mahali pengi, umeanza kuvimba upande mmoja. Nyuki walikuwa wanatembea kwenye kofia ya koti la Geng.

Nikasema. Nilisema yote nikiwa nimesimama kwenye tope: jiwe, mkoba, sauti yangu, nyanya. Nilisema kwamba nilidanganya kwenye gari na nikamdanganya yeye kando ya mto siku nane.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ile anayomuulizia mteja kama anataka pilipili au hataki:

"Na pasipoti?"

"Haikuwemo. Ilikuwa nyumbani. Kwenye droo."

"Mkobani kulikuwa na nini?"

"Taulo. Dawa ya mbu. Miwani ya jua."

Aliweka nyundo chini, taratibu, kama chombo kinachoweza kuvunjika. Akatazama mizinga sita iliyopasuka, akatazama minane iliyobaki. Halafu alipiga magoti mbele ya Mama Xiang, kwenye asali na tope, na kabla hajainamisha kichwa yule mama alimvuta mikono akamwinua.

"Usinifanyie hivyo, dada. Inuka. Umeumwa vibaya, ingia nikupake siki."

Waliingia ndani. Nami niliinama nikaanza kuokota masega. Sikujua pa kuyaweka. Niliyapanga barazani, moja juu ya jingine. Mama Xiang alitoka mara moja tu kuchukua ungo.

"Acha," akasema. "Unawakanyaga. Nenda zako."

Nilishuka peke yangu.

Jumatatu, 8 Julai

Nimekwenda kituoni. Afisa Qin alisoma maelezo mapya mara mbili.

"Kwa nini unasema sasa?"

"Kwa sababu nimesemewa."

Akaguna. Alisema nilistahili kuonywa vikali, akanionya. Akanipa wino. Nilingoja lingine. "Basi, Mwalimu," akasema, "nenda nyumbani. Alirudi kwa hiari yake. Mafuriko hayana kesi." Nilimuuliza kama ataarifu chuo. Alikuwa ameshaanza kula chakula chake cha mchana.

Alhamisi, 11 Julai

Dirisha la Fan limefunguliwa. Nilishuka ngazi hadi ya mwisho. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni, mafuta yanalia. Aliniona. Akaendelea kugeuza sambusa, akampa wa kwanza, akampa wa pili. Nilipofika mimi, alipunguza moto, akasubiri. Hakunitukana. Alisubiri tu niondoke, na yule wa nyuma yangu naye akasubiri.

Jumatatu, 15 Julai

Mkuu wa idara ameniita. Nilikwenda na moyo mkononi. Alikuwa na mkataba mpya, miaka miwili, tayari umepigwa mhuri. "Wanafunzi wanakupenda," akasema. Nikatia saini. Sikuwa na sababu ya kumpa ya kukataa, isipokuwa ile moja.

Danilo amenisimamisha langoni. "Si nilikwambia? Hakuna aliyekugusa." Alifurahi kwa dhati, na mimi nilimwona kama ninavyojiona, mtu mzuri, mcheshi, asiye na ubaya, anayeomba tu jambo lipite. Sina la kumlaumu. Nimemwambia sitakwenda tena matembezini.

Jumatano, 17 Julai

Mvua imekatika tangu jana. Joto limeanguka mara moja kama kifuniko.

Mwalimu Pei nilimkuta stendi, ana misumeno miwili na gogo la mzinga begani, mzee yule wa hisabati. Hakutaka kunitazama. Alisema Fan anapanda Qingshi kila siku na sanduku la vifaa vya Geng. Wamekwisha kurudisha mizinga minne. Nyuki wa mizinga miwili hawajarudi na pengine hawatarudi.

"Nikusaidie kubeba?" nikauliza.

"Fan amesema niende peke yangu," akasema. Kisha akaongeza, "Na mimi ameniambia mengi. Usidhani ni wewe tu."

Jumamosi, 20 Julai

Leo ni siku ya saba ya tano, ambayo hapa ni kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa inasemekana ndiyo siku marehemu anapogeuka kuwatazama watu wake mara ya mwisho. Sikualikwa. Jioni, jua bado kali, niliwaona kutoka roshani wakichora duara la chaki la kuchomea karatasi kwenye kona ya barabara: Fan, Yali, Pei, na Mama Xiang aliyeshuka mlimani akiwa na kilemba cheupe. Picha ya Geng ilikuwa juu ya kiti cha kulia.

Nilishuka. Sijui nilitaka nini. Nilisimama mlangoni mwa ngazi zetu, ng'ambo ya barabara, na Fan akainua uso akaniona. Nikageuka nirudi.

Yali alivuka barabara mbio. Alisimama mbele yangu, macho mekundu kwa moshi.

"Mama anasema usimame hapo hapo. Usisogee, na usiondoke."

Nikasimama.

Waliwasha karatasi. Fan aliziweka motoni bunda kwa bunda, kimya, kama anavyoweka sambusa kwenye mafuta. Kisha akachukua kiatu cha Geng, kimoja cha vile alivyotambuliwa navyo, akakiweka juu ya moto, na hapo alifungua mdomo. Siku thelathini na tano sikuwa nimemsikia akilia. Watu walifungua madirisha mpaka ghorofa ya sita.

"Geng Dehai! Mjinga wewe! Taulo! Umeniacha kwa taulo na dawa ya mbu!" Alipiga lami kwa viganja. "Umeshikwa shati ukakataa! Nani alikutuma kuwa mwema kiasi hicho? Nani? Rudi nikutukane! Rudi ule, mzee wangu, nimekupikia, rudi!"

Mama Xiang alimkumbatia kwa nyuma ili asiingie motoni. Yali alipiga magoti. Hata Pei alikuwa analia, kofia mkononi. Nami nilisimama pale nilipoambiwa nisimame, mikono ikining'inia, jua likinipiga usoni, na wanafunzi wangu wakipita kati yetu wakiwa wamepunguza sauti.

Moto ulipoisha walizoa majivu, wakabeba picha, wakaingia ndani. Dirisha likafungwa. Barabara ikaanza tena kelele zake.

Hakuna aliyeniambia sasa naweza kuondoka.